Mwanao anaomba fedha ya lenzi pana? Pima sebule kwanza

Uyole, Mbeya. Familia ya watu wanane ikikusanyika kwenye sebule ya mita tatu kwa nne, kupiga picha ya pamoja ni kazi. Mpiga picha anarudi nyuma hadi mgongo unagusa ukuta, na bado bibi anakatwa sikio upande mmoja huku kitinda mimba akiwa haonekani kabisa upande wa pili. Kwa hapa Uyole, ambako baridi ya Juni na Julai huwarudisha watu ndani na mvua ya kuanzia Novemba hufanya vivyo hivyo, kutoka nje si jibu la kila siku.

Ndipo kijana mwenye kamera ndogo, anayepiga picha za kipaimara, sendofu na mahafali, anapokuja kwa mzazi na ombi: anahitaji lenzi pana. Fedha inayotakiwa inaweza kulingana na ada ya shule ya mdogo wake. Mzazi asiyejua habari za lenzi anabaki na njia mbili, kukataa jambo asilolielewa au kutoa fedha kwa imani tu. Ipo njia ya tatu, nayo inaanza na futi ya fundi.

Pima, kisha piga hesabu

Kamera zinazozungumzwa hapa ni zile ndogo zisizo na kioo ndani, ambazo vijana huziita mirolesi. Mfano ni Sony a6000 iliyotoka mwaka 2014, Canon EOS M50 ya 2018 na Sony ZV-E10 ya 2021. Zote zinabadilishwa lenzi.

Kila lenzi ina namba ya milimita. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo lenzi inavyoona eneo pana zaidi. Kwa kamera hizo za Sony, mpiga picha akisimama mita 3 kutoka kwa watu, upana anaoupata ni huu:

- Lenzi ya milimita 50: mita 1.4
- Lenzi ya milimita 35: mita 2
- Lenzi ya milimita 16: mita 4.4
- Lenzi ya milimita 12: karibu mita 5.9

Kwa Canon M50 upana unapungua kidogo, kwa sababu sensa yake ni ndogo kuliko ya Sony.

Sasa linganisha na watu wako. Watu wanane wakisimama bega kwa bega, kila mmoja akichukua nusu mita, wanahitaji mita 4. Wakipangwa mistari miwili, wazee wameketi mbele na vijana wamesimama nyuma, mita 2 zinatosha. Kwa sebule nyingi, milimita 16 na mpangilio mzuri wa viti vinamaliza tatizo. Milimita 12 inahitajika pale ambapo mpiga picha hana hata mita 2 za kurudi nyuma.

Unaweza kujaribu kwa simu unayosomea makala haya. Kamera kuu ya simu nyingi za kisasa inaona eneo linalokaribiana na lenzi ya milimita 16 au 17 kwenye kamera hizi. Simama kwenye kona ya sebule, ishike simu kwa ulalo, uone nani anaingia na nani anabaki nje.

Huenda anayo tayari

Kabla ya kufungua pochi, mwambie kijana akuletee lenzi iliyokuja na kamera yake. Lenzi ya kawaida ya Sony huandikwa 16-50, na ya Canon M50 huandikwa 15-45. Namba ya kwanza ndiyo upana wake mkubwa kabisa.

Hii ina maana kwamba mwenye 16-50 akinunua lenzi nyingine ya milimita 16 hataongeza hata sentimita moja ya upana. Anachonunua ni mwanga. Hilo si jambo baya, ila mzazi na kijana wote wawili walijue kabla ya kulipa.

Mwanga unasomwa kwenye namba inayoanza na herufi f. Hapa pia, namba ndogo ndiyo inayoingiza mwanga mwingi. Lenzi ya f/1.4 inaingiza mwanga mara sita zaidi ya lenzi ya f/3.5. Kwenye ukumbi wenye taa hafifu, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha sura inayoonekana vizuri na sura yenye ukungu. Lenzi ya f/2.8 inaongeza kama mara moja na nusu tu.

Kwa picha za nyumbani, mwanga wa bure unatoka dirishani. Fungua pazia, na watu wageukie upande huo. Na kama kuna jiko la mkaa ndani kwa ajili ya baridi, fungua na dirisha lenyewe. Moshi usioonekana wa mkaa unaweza kuua, na hilo lina uzito kuliko picha yoyote.

Lenzi za kuulizia

Kwa mwenye Sony, ndogo na nyepesi kuliko zote hizi ni Sony milimita 16 f/2.8 iliyotoka mwaka 2010. Ina gramu 67 na inapatikana kwa mtumba. Pembe za picha zake si kali sana, lakini katikati inatosha kwa albamu ya familia.

Anayefanya kazi ya sherehe atataja Sigma milimita 16 f/1.4. Ilitoka mwaka 2017 kwa dola 449 za Marekani, zaidi ya shilingi milioni moja. Ni nzito, gramu 405, ila ukumbini usiku inajilipa. Hii ni lenzi ya mtu mwenye kazi tayari, si ya anayetarajia kuipata.

Anayetaka upana zaidi kwa bei ya chini atakutana na lenzi za milimita 12 za kuzungusha fokasi kwa mkono, kama Samyang f/2 na 7artisans f/2.8. Kwa watu waliotulia au mandhari ya Ziwa Ngozi na Mlima Rungwe zinafaa sana. Mtu akiweka f/5.6 na fokasi kwenye mita 2, karibu kila kitu kuanzia mita moja kitaonekana sawa. Kwa mtoto anayekimbia usiku ukumbini, zitamtesa. Pia kamera inaweza kugoma kupiga hadi uruhusu, kwenye mipangilio yake, ipige bila kuitambua lenzi. Wapo wanaodhani wameuziwa mbovu kumbe ni hilo tu.

Mwenye Canon M50 aulizie EF-M 11-22. Ina gramu 220, inazuia mtikisiko wa mkono, lakini inahitaji mwanga wa kutosha.

Vioo vya kufunga mbele ya lenzi vinavyouzwa kwa jina la "waidi" ni rahisi kwa bei, ila mara nyingi hufifisha kingo za picha, na hapo kwenye kingo ndipo watu walipokosekana mwanzo.

Canon si kwa kila Canon

Sehemu ambayo lenzi inajifunga kwenye kamera inaitwa maunti, na ndiyo inayopoteza fedha za wengi wasiouliza. Lenzi za Canon za aina ya RF hazifungi kwenye M50, ingawa zote ni Canon. M50 inatumia EF-M, aina ambayo Canon iliacha kuiendeleza, kwa hiyo mnunuzi wake atategemea zaidi soko la mtumba. Kwa kamera za Sony tulizozitaja, herufi ya kutafuta ni E. Andika jina kamili la kamera kwenye karatasi na uende nayo dukani, au bora zaidi, nenda na kamera yenyewe.

Ukinunua mtumba, tafuta fangasi

Lenzi huugua fangasi kama ngozi ya binadamu, na chanzo ni kile kile, unyevu. Washa tochi ya simu, imulike kupitia nyuma ya lenzi na uangalie ndani. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, achana nayo. Fangasi ikikomaa hula rangi ya kinga ya kioo, na hata fundi akiisafisha alama hubaki.

Zungusha pete zote, piga picha kadhaa, zikuze kwenye skrini uangalie kona. Dai risiti ya EFD dukani. Ikiwa muuzaji yuko Kariakoo na mzigo utakuja kwa basi, usimtumie fedha yote kwa simu mtu usiyemjua. Mtafute ndugu aliyeko Dar es Salaam akaikague kwanza.

Ikishafika Uyole, isikae kabatini na nguo wala kwenye mkoba wa ngozi. Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vinatosha.

Mkubaliane kabla ya kulipa

Lenzi pana ina tabia moja ya kumwonya kijana: huwavuta watu walio pembeni na kuwafanya waonekane wanene kuliko walivyo. Asimweke mama mkwe ukingoni. Aache nafasi pande zote mbili na ashike kamera wima bila kuiinamisha.

Kisha mwulize maswali matatu. Lenzi uliyonayo inaishia wapi? Unakosa upana au unakosa mwanga? Na kazi ngapi ulizikosa miezi mitatu iliyopita kwa sababu hiyo? Akijibu kwa mifano, mpe kama mkopo, mwandike kwenye daftari kila kazi na kiasi atakachorudisha. Akishindwa kujibu, mpangeni familia mistari miwili mbele ya dirisha, mpige kwa lenzi iliyopo, na ada ibaki mahali pake.