Moyo unaougua kimya

Mtu akianguka ghafula, kwenye matanga tunasikia upesi: amepewa sumu. Jirani anachukiwa, pengine bure. Mishipa inayoulisha moyo damu huzibwa na mafuta kidogo kidogo, miaka mingi, na wengine hawasikii maumivu, zaidi wenye ugonjwa wa sukari.

Mara nyingine ugonjwa huo unavumbuliwa wakati munganga anatafuta kingine. Moyo unapiga ovyo, basi mgonjwa anafungwa mashini ndogo kifuani kwa saa 24, naye anaendelea na kazi zake. Akipanda mlima, mashini inaonyesha alama za moyo kukosa damu. Ndipo vipimo vingine vinafuata. Kipimo kifupi cha kitandani kinaweza kutoona kitu. Anayekosa pumzi kupita desturi amueleze munganga, hata kama kifua hakimuumi.