Betri ya Landrover Haifai Kila Gari

Wazee watakumbuka Landrover za miaka ya 1960. Betri ilipokufa, dereva alichomeka hendeli mbele, akazungusha injini kwa mkono, akaenda zake. Magari ya siku hizi hayana tundu la hendeli, na kompyuta zake hula umeme hata gari likiwa limelala. Mengine hujizima kila yasimamapo, kisha hujiwasha. Hayo hutaka betri iliyoandikwa AGM au EFB, zinazostahimili kazi hiyo. Ukitia ya kawaida kwa kuwa ni rahisi, itakufa upesi, pengine njiani kutoka Garba Tula, nyanya zikioza garini. Basi soma maandishi ya betri kuukuu kabla hujanunua nyingine. Tena AGM imefungwa: usiibandue kuitia maji, hata joto la Isiolo likizidi.