Kushika Kisichokuwepo: Vinara wa Mguso wa Bandia

Kwa nguvu, taji naipa glavu ya HaptX G1 ya Marekani, iliyotangazwa mwaka 2022. Kila mkono una vifuko 135 vinavyojazwa hewa na kuisukuma ngozi, pamoja na breki zinazozuia vidole visikunjike, kwa nguvu inayofikia kilo 18 kwa mkono mzima. Ukikamata tofali ndani ya uhalisia pepe, vidole vinagota kweli. Jozi ilitangazwa kwa dola 5,495, na mashine ya hewa unaibeba mgongoni: karibu kilo 8. Tofali halina uzito, ila jasho utatoka kama mpagazi.

Kwa vizibao, TactSuit X40 ya bHaptics, Korea Kusini, ina mota 40 za mtetemo, 20 mbele na 20 nyuma. Msomaji ataona 40 ni chache mbele ya 135, na hapo ndipo hesabu inapodanganya. Ncha ya kidole hutofautisha miguso miwili iliyoachana milimita 2 hivi tu, lakini mgongoni lazima iachane karibu milimita 40, la sivyo utadhani ni mmoja. Fumba macho, mwenzako akuguse mgongoni kwa kalamu mbili zilizokaribiana, kisha mwambie ni ngapi. Kwa hiyo kizibao kinakaribia kuushibisha mgongo, wakati glavu ile ghali bado inadaiwa deni kubwa na vidole.

Mkongwe anayestahili kutajwa ni Aura Interactor wa 1994. Alivaliwa mgongoni na kugeuza sauti ya mchezo kuwa mtikisiko, kwa hiyo besi ya muziki nayo ilikupiga.

Wembamba ni wa maabara. Mwaka 2019, timu za Xinge Yu wa Hong Kong na John Rogers wa Marekani zilionyesha utando wa kubandika mwilini wenye mota 32, usio na betri wala waya. Umeme wake unapokelewa kwa mawimbi ya redio.

Kwa bei, mshindi wangu ni LucidGloves, glavu za kujitengenezea kwa chini ya dola 100. Unachukua kile kidude cha kuning'inizia kitambulisho cha kazini, chenye uzi unaojirudisha wenyewe, na kuufunga uzi kwenye ncha ya kidole. Kidole kikikunjwa, uzi unavutika na kompyuta inapima. Ukigusa kopo la mchezoni, mota ndogo inauzuia uzi na kidole kinakwama hapohapo. Ngozi haisikii kitu, lakini michoro ni ya bure kwa yeyote mwenye lehemu na printa ya 3D.