Moto ya zamani na moto mpya: ipi inakunywa esanse zaidi?

Kwenye parkingi za moto hapa Kabambare, wengi wanasema moto ya zamani inakunywa sana na ile ya mwaka huu inakunywa kidogo. Mwenye kuuza naye anapandisha bei juu ya neno hilo. Kwa motari anayepeleka verseman kila jioni, nusu lita ni chakula cha watoto, ndiyo maana jambo hili linafaa kupimwa.

Boxer ama TVS zinazofika huku hazijabadilika sana ndani ya injini. Kule India, sheria ya moshi ya Aprili 2020 ililazimisha viwanda kubadili namna injini inavyopimiwa esanse. Lakini nyingi zinazoletwa Afrika zimebaki na karbirateri ya kawaida. Rangi mpya na vibandiko havipunguzi mafuta.

Kinachokula esanse ni uchakavu. Ndani ya karbirateri kuna sindano inayopanda na kushuka katika tundu dogo kila motari anapovuta gesi. Miaka ikipita tundu linapanuka, esanse inapita nyingi. Vumbi letu jekundu nalo linaziba filtri, hewa inapungua, na matokeo ni yale yale. Fungua buji uangalie: ikiwa nyeusi kama sufuria ya kuni, esanse imezidi hewa, ikiwa kahawia nyepesi, iko sawa. Halafu kuna freni inayokamata gurudumu, shene kavu, na pine isiyo na upepo. Sindano na tundu lake vinabadilishwa garazini, na bei yake haikaribii bei ya moto mpya.

Namna ya kulinganisha ni hii: jaza tanki mpaka juu, andika namba ya kompteri, tembea siku nzima, kisha jaza tena mpaka pale pale. Ukitembea kilomita 120 na kurudisha lita 3, moto inakunywa lita 2.5 kwa kilomita 100. Lakini moto iliyobeba magunia kwenda Kasongo haiwezi kulinganishwa na ile inayozunguka sokoni.

Mtego mkubwa uko kwenye chupa za kadafi. Chupa kubwa ya Primus inabeba santilita 72. Motari anayehesabu chupa 3 kuwa lita 3 amepata lita 2 na kidogo tu. Kumbe analaumu injini bure, na pengine anauza moto nzima.

Na kama muuzaji anaapa kwamba moto ni ya mwaka fulani, soma namba ya shasi. Ina alama 17, na kwa viwanda vingi alama ya 10 ndiyo mwaka: L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024.