Mto Mwepesi wa Safari ya Mlimani

Mto wa safari ni mto mdogo wa kulalia unaokunjwa ukaenea pembeni mwa begi la mgongoni. Mto wa nyumbani uliojazwa pamba au sufi huweza kufikia kilo moja na zaidi, na peke yake hujaza nusu ya begi. Mto wa safari huwa na gramu 50 hadi 400 hivi. Tofauti hiyo huonekana wazi katika safari kama ya Kilimanjaro, ambayo huchukua siku tano hadi nane. Wanaopita njia ya Marangu hulala katika vibanda vyenye vitanda na magodoro, lakini wa Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe hulala kwenye mahema, na kila cha kulalia hubebwa. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, hivyo anayechagua mto mwepesi anampunguzia uzito mtu mwingine pia.

Hata hivyo, gramu si jambo la kwanza la kuangalia. Kazi ya mto ni kujaza nafasi iliyo kati ya kichwa na godoro ili shingo ibaki sambamba na uti wa mgongo. Anayelala ubavu huhitaji mto wa kimo cha sentimita 10 hadi 15, kwa kadiri ya upana wa bega lake. Anayelala chali hutosheka na mto mfupi zaidi, na anayelala kifudifudi huhitaji mto mwembamba sana. Godoro nalo lina sehemu yake: bega huzama kidogo kwenye godoro nene la upepo, kwa hiyo kimo kinachohitajika hupungua, ilhali kwenye sponji nyembamba iliyotandikwa juu ya mawe bega halizami. Mto wa gramu 60 unaomwamsha mtu na shingo iliyokakamaa ni mzigo, hata kama mizani haiuoni.

Mito yenyewe ni ya aina tatu kuu. Mto wa kupuliza ndio mwepesi kuliko yote: mingi ina gramu 50 hadi 120, na ukikunjwa hutosha kwenye kiganja. Kimo chake hurekebishwa kwa pumzi. Ubaya wake ni kwamba huweza kutoboka, na ukijazwa kupita kiasi huwa mgumu na kichwa huteleza. Mto wa sponji hauna cha kutoboka na ulaini wake ni wa karibu na ule wa nyumbani, lakini huwa na gramu 200 hadi 400 na hula nafasi hata ukibanwa. Therm-a-Rest, chapa ya Marekani, hujaza mto wake wa aina hii kwa masalio ya sponji yanayobaki kiwandani inapotengeneza magodoro. Aina ya tatu huchanganya hizo mbili: ndani kuna mfuko wa upepo, juu kuna tabaka la sponji au nyuzi laini. Hukaa katikati kwa uzito na kwa starehe, na wengi wanaolala ubavu huipenda.

Njia isiyo na gharama ni kujaza nguo kwenye mfuko wake na kuufunika kwa fulana. Katika misitu na nyanda za chini hufaa sana. Mlimani ina kasoro moja kubwa: usiku wa baridi kali, jaketi na sweta ambazo zingekuwa mto ndizo zinazohitajika mwilini. Katika kambi ya Barafu ya Kilimanjaro, iliyo takriban mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, mpandaji anaweza kujikuta amevaa kila alichonacho na kichwa hakina pa kulazwa.

Baridi hubadilisha pia mto wa kupuliza. Pumzi hutoka mwilini ikiwa na joto la karibu nyuzi 35. Ikipoa hadi nyuzi sifuri, hewa hiyo husinyaa kwa karibu sehemu moja ya kumi, na mto hulegea pasipo kutoboka. Dawa yake ni kuujaza mapema, kuuacha upoe kwa dakika chache, kisha kuongeza pumzi kabla ya kulala. Kimo cha mlima hufanya kinyume chake. Hewa iliyofungiwa ndani ya mto mjini Moshi, chini ya mlima, hutanuka kufikia karibu mara moja na nusu ikifika Barafu, kwa sababu kanieneo ya hewa huko ni ndogo. Ndiyo maana mto hufungashwa ukiwa umekamuliwa, vali yake ikiwa wazi.

Dukani, mto ujaribiwe umelaliwa, si umeshikwa mkononi tu. Ujazwe robo tatu, ulaliwe kwa mkao wa kawaida, kisha vali ibonyezwe kwa kidole gumba na hewa iachiliwe kidogo kidogo mpaka sikio lisihisi kubanwa. Vali nzuri huruhusu hewa itoke kwa vipimo vidogo namna hiyo. Kitambaa kisikilizwe pia, kwani nailoni nyembamba huweza kuchakarika kila kichwa kinapogeuka. Mto huteleza kirahisi juu ya godoro la nailoni, hivyo wenye mkanda wa kuushikilia hufaa. Usiokuwa nao huingizwa ndani ya kofia ya mfuko wa kulalia au kuvishwa fulana.

Baada ya safari, mto wa kupuliza huachwa vali wazi mahali pakavu penye kivuli, maana unyevu wa pumzi huzaa ukungu ndani. Dawa ya mbu yenye DEET huharibu baadhi ya plastiki, kwa hiyo uso na mikono ifutwe kabla ya kuulalia mto. Ukitoboka, hupakwa maji ya sabuni na tundu hujionyesha kwa mapovu. Mahali hapo hukaushwa, husafishwa kwa spiriti na kubandikwa kiraka. Kiraka kimoja kidogo kikiwa ndani ya begi tangu mwanzo, hitilafu hiyo hurekebishwa kambini na safari huendelea.