Kila Msafara na Uwe na Kirangozi

Nchiru iko kando ya barabara kuu itokayo mjini Meru kwenda Maua, umbali wa kilomita 15 hivi kutoka Meru. Barabara hiyo ni ya lami, na gari hupita hata wakati wa mvua. Lakini si safari zote zinazokoma penye lami. Waimbaji wa kanisa hualikwa Tharaka. Jamaa huenda harusini na mazikoni. Na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake mwaka 2013 hapo Nchiru, waweza kwenda kutazama wanyama katika Hifadhi ya Meru, iliyoanzishwa mwaka 1966. Watu hao wakiiacha lami hukutana na mito.

Milima ya Nyambene, yenye kimo cha zaidi ya mita 2,500, hupata mvua nyingi, nazo nchi zilizo chini yake, upande wa Tharaka na wa hifadhi, ni kavu. Ura, Thangatha, Rojewero na makorongo mengi huteremsha maji ya milimani mpaka mto Tana. Kwa hiyo, wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, mtu wa bondeni aweza kuona mbingu nyeupe na mchanga mkavu, kisha ghafula korongo likaja limejaa matope na magogo. Mvua iliyoleta maji hayo haikumnyeshea yeye hata tone. Anayetaka kujua hali ya mto na aitazame milima, asitazame mbingu zilizo juu ya kichwa chake tu.

Watu wengi hudhani basi haliwezi kuchukuliwa na maji kwa kuwa ni zito. Lakini maji yaliyojaa tangi lenye urefu, upana na kina cha mita moja yana uzito wa kilo 1,000. Yakienda kwa kasi, na kina chake kikiwa sentimita 60 tu, yaweza kuchukua magari mengi. Ubavu wa basi ni mrefu, nayo maji huusukuma wote kwa mara moja. Tena, chini ya maji ya matope dereva haoni kama njia ingalipo au imekwisha kumong'olewa. Wahenga walisema kweli: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Tarehe 4 Desemba 2021, waimbaji wa kanisa kutoka Mwingi, katika Kaunti ya Kitui, walikuwa katika basi wakienda harusini upande wa Nuu. Walifika mto Enziu wakakuta maji yamefunika njia. Basi liliingia majini, likasukumwa ukingoni, likapinduka na kuzama mbele ya watu waliosimama kando ya mto. Watu zaidi ya 30 walikufa, wakiwamo watoto. Harusi ingaliweza kungoja.

Katika safari za kundi, jambo la hatari ni kwamba kila mtu humtegemea mwenziwe. Dereva huona abiria wamenyamaza, akadhani wamekubali. Abiria huona dereva anasonga mbele, wakadhani anaijua njia. Aliye na hofu huona haya kusema peke yake.

Misafara ya zamani ilikuwa na dawa ya jambo hili. Wapagazi kutoka pwani, kama wale waliofuatana na William Astor Chanler na Ludwig von Höhnel katika safari iliyoanza mwaka 1892, wakaupanda mto Tana hata kufika Nyambene, walizoea kwenda nyuma ya kirangozi. Yeye ndiye aliyetangulia, na akisimama yeye, msafara mzima husimama.

Basi yafaa kila chama, kwaya au darasa lichague kirangozi wake kabla ya siku ya safari, na watu wote, pamoja na dereva, wakubali kwamba akisema "tungoje", hakuna mabishano. Kabla ya kuondoka awapigie simu watu wa ng'ambo ya mto. Ahakikishe kuna chakula na maji ya kutosha usiku mmoja. Safari na ianze mapema, ili kungoja kusiwatie watu gizani. Wakiukuta mto umejaa, watu wote washuke na kukaa mahali pa juu, naye achomeke kijiti penye ukingo wa maji. Maji yakipanda juu ya kijiti, mto unaendelea kujaa, yakikiacha, unapungua. Mara nyingi mto uliokuja ghafula hupungua baada ya saa kadhaa. Usipopungua, warudi nyumbani.

Karani wa chama na aandike jina la kirangozi katika kitabu cha mkutano, pamoja na nauli na saa ya kuondoka.