Kwa Nini Abiria Hupekuliwa Bila Kushukiwa

Askari polisi akimsimamisha mtu barabarani na kutaka kumpekua, sheria za nchi nyingi humdai kwanza sababu: ameona nini, ameambiwa nini, au ni jambo gani lililomfanya amshuku mtu huyo na si mwingine. Katika lango la kiwanja cha ndege swali hilo haliulizwi. Mfanyabiashara, mwanafunzi, na bibi kizee anayekwenda kumwona mjukuu wake, wote huweka mifuko yao mtamboni na kupita mmoja mmoja mbele ya mlinzi. Hapana aliyeshukiwa, na wote wanapekuliwa. Yafaa basi kuuliza mamlaka hayo yametoka wapi, na mpaka wake uko wapi.

Desturi hii si ya zamani sana. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1968 na 1972, ndege zaidi ya 100 zilitekwa nyara au zilinusurika kutekwa. Hapo awali walipekuliwa abiria wachache tu ambao sura ya mwenendo wao ilitia mashaka. Kuanzia tarehe 5 Januari 1973 serikali ya nchi hiyo iliamuru kila abiria achunguzwe na kila mfuko wa mkononi utazamwe. Utekaji ulipungua sana. Lakini Katiba ya Marekani, katika Rekebisho lake la Nne, inakataza upekuzi usio wa haki, na haikupita muda mahakama zikatakiwa ziseme kama amri hiyo ilikuwa halali.

Jibu lililopata kufuatwa zaidi lilitolewa mwaka huo huo wa 1973 na mahakama ya rufani inayosikiliza mashauri ya majimbo ya magharibi. Msafiri mmoja alikuwa amekutwa na bastola yenye risasi ndani ya mkoba wake, katika kiwanja cha San Francisco, mwaka 1971. Aliyeufungua mkoba alikuwa mtumishi wa shirika la ndege, wala hakuwa polisi. Mahakama ilisema kwamba hilo haliondoi wajibu wa serikali, kwa kuwa mtumishi huyo alifanya kazi chini ya mpango uliobuniwa na kusimamiwa na serikali. Halafu ikaeleza kwamba upekuzi wa namna hii haukusudii kumkamata mhalifu. Unakusudia kuzuia silaha na baruti zisiingie ndegeni. Kwa sababu hiyo unaweza kuruhusiwa bila shuku yoyote, ila kwa masharti: usizidi kiasi kinachohitajika kutafuta silaha na baruti, na abiria abaki na hiari ya kuukataa kwa kuacha safari. Mahakama iliitengua hukumu ya kwanza na kulirudisha shauri, ijapokuwa bastola ilikuwa imeonekana waziwazi. Msomaji anaweza kushangaa. Lakini kilichoamuliwa hapo hakikuwa kama bastola ni hatari, bali kama mkono ulioitafuta ulikuwa na ruhusa.

Masharti hayo yamejaribiwa mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2009 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Ohio ilikataa kupokea ushahidi wa pasipoti zilizotolewa ndani ya bahasha za abiria. Bahasha zile zilifunguliwa baada ya kuonekana kwamba hazingeweza kuwa na kitu cha kuihatarisha ndege, na hivyo mpekuzi alikuwa ameshatoka katika kazi yake na kuingia katika kazi ya upelelezi. Kuhusu hiari ya kuacha safari, mahakama ile ile ya magharibi iliamua mwaka 2007 kwamba hiari hiyo hukoma uchunguzi ukishaanza. Hoja yake ni nzuri: kama mtu angeweza kugeuka na kwenda zake kila mara anapokaribia kugunduliwa, basi angeweza kurudi kesho na keshokutwa, akilijaribu lango hata apate mahali palipo dhaifu.

Ili kuelewa neno “kiasi kinachohitajika”, hapana budi kuitazama mitambo yenyewe, kwa kuwa uwezo wake ndio unaoamua hatua inayofuata. Lango analopita abiria halitoi miali ya eksirei, ingawa wengi hudhani hivyo. Ndani yake mna koili za waya zinazotoa usumaku unaobadilika upesi. Chuma kikipita, usumaku huo huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa usumaku wake, ambao lango huutambua. Ndiyo maana hata shaba na alumini, ambazo sumaku ya kawaida haizivuti, huliliza lango. Mlio huo hauthibitishi kosa lolote. Unampa mlinzi ruhusa ya kupanda ngazi moja zaidi, yaani kumpapasa abiria au kumtaka atoe alichonacho mfukoni.

Mfuko ndio unaopigwa eksirei, na kwa kawaida miali hiyo huwa ya nguvu mbili tofauti. Mtambo hulinganisha jinsi kila nguvu ilivyopungua, kisha hupaka rangi: vitu vyenye atomi nyepesi kama kaboni na oksijeni huonekana vya rangi ya chungwa, na metali huonekana za buluu. Shida ni kwamba baruti nyingi zimo katika kundi la kwanza, pamoja na sabuni, jibini, na kile kifurushi cha unga wa sembe kinachopelekewa ndugu ughaibuni. Mtambo hauwezi kusema huu ni unga; hapo sheria humruhusu mpekuzi afungue. Udhaifu wa namna hiyo ndio ulioleta mwaka 2006 amri ya kuzuia vimiminika vinavyozidi mililita 100 katika chupa moja, baada ya njama ya kulipua ndege kugunduliwa Uingereza. Viwanja kadhaa vilivyofunga mitambo mipya inayoupiga mfuko picha za pande zote vimekwisha kuilegeza.

Nje ya Marekani msingi wa mamlaka haya ni Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao Kiambatisho chake cha 17, kilichopitishwa mwaka 1974, huzitaka nchi wanachama zizuie silaha zisifike ndegeni. Mkataba lakini haumpi mlinzi mamlaka ya kumgusa mtu. Ni sheria ya nchi inayompa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 31, inamlinda mtu asipekuliwe mwili wala mali, na haki hiyo haipunguzwi ila kwa sheria iliyotungwa na kwa kiasi cha haki. Katiba ya Tanzania nayo hulinda nafsi na maisha ya faragha katika Ibara ya 16. Sheria za mwenendo wa mashauri ya jinai za nchi zote mbili huagiza mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha.

Huenda mtu akauliza kwa nini anayesafiri ndani ya nchi yake apekuliwe kama anayekwenda ng’ambo. Mwezi Februari 1982 ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania, aina ya Boeing 737, iliondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Ilitekwa njiani, ikapelekwa Nairobi, Jeddah na Athens, na mwishowe ikatua Stansted nchini Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1970 hautazami tiketi ilivyoandikwa. Hutazama mahali ndege ilipotua kwa kweli. Watekaji hao walishtakiwa na kufungwa huko huko Uingereza, kwa kosa lililoanzia katika safari ambayo, kwa mujibu wa ratiba, isingevuka mpaka wowote.